Tiguan ya 2018: kutoka Leicester hadi Changamwe kabla mwaka haujafunga

Risiti zote zimo kwenye bahasha moja ya kaki na picha za simu zina tarehe. Humo ndimo ilimotoka simulizi hii. Gari ni Volkswagen Tiguan ya petroli, cc 1,395, iliyosajiliwa mara ya kwanza Uingereza Machi 2018. Mwaka huo wa usajili ndio uliopanga safari nzima.

Kenya haipokei gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane, na KEBS, shirika la viwango la Kenya, huhesabu kwa mwaka mzima. La 2018 lilitakiwa liwe limefika Mombasa kufikia 31 Desemba 2025. Likichelewa siku moja tu, ni hasara tupu. Tena, kati ya kutengenezwa na kusajiliwa usizidi mwaka mmoja, na usukani uwe kulia. Sasa kwa nini mtu ajitie presha hiyo badala ya kuchukua la 2020? Kwa sababu ya uchakavu. KRA, mamlaka ya kodi, haiangalii ulilipa kiasi gani. Inachukua bei yake ya orodha, CRSP, inapunguza kwa umri, na gari lililopita miaka saba hupunguziwa asilimia 65 ilhali la miaka mitano hadi sita hupunguziwa chini ya hapo. Ndiyo maana kila Desemba bandari ya Kilindini hufurika magari ya mwaka unaokata roho.

Jumatatu, 6 Oktoba 2025: Heathrow hadi Leicester

Basi la kutoka uwanja wa ndege lilichukua saa tatu na ushei. Kwa mtu wa pwani, Leicester si ugeni mkubwa. Mtaa wa Belgrave umejaa familia za Kihindi zilizotoka Kenya na Uganda, na hotelini mihogo ya kukaanga inaitwa mogo, inakuja na pilipili na ndimu kama ya pale Lighthouse. Sahani ilikuwa pauni sita. Mihogo ile ile, ila nafsi inapiga hesabu ya shilingi na koo linakaza.

Mwenyeji ni mzee wa Kimombasa aliyehamia huko zamani. Shikamoo haijapoa, akatoa shauri lake la kwanza: "Wanangu, gari msilipende kwa rangi. Nileteeni nambari ya pleti kwanza."

Anwani ya mwenyeji ni muhimu kuliko kitanda chake. Logbuku ya Uingereza, V5C, hutumwa kwa posta kwenye anwani ya huko huko. Usipokuwa na mtu wa kukupokelea, usianze.

Jumanne, 7 Oktoba: magari kumi na mawili bila kutoka nyumbani

Siku hii ndiyo iliyookoa pesa nyingi kuliko zote, na ilipita mezani na birika la chai. Kila gari Uingereza likifikisha miaka mitatu hukaguliwa kila mwaka, ukaguzi uitwao MOT, na matokeo yake yako wazi bure kwenye tovuti ya serikali. Unaingiza nambari ya pleti tu. Gari la 2018 lina kurasa tano: 2021 hadi 2025.

Soma mambo mawili. La kwanza ni maili. Ziandike kwa mstari: zipande kila mwaka, tena kwa hatua zinazofanana. Moja kati ya kumi na mbili lilikuwa na maili 61,000 mwaka 2023 na 49,000 mwaka 2024. Likafutwa. La pili ni maonyo madogo ya fundi, yale ambayo hayakulifelisha gari. Tafuta neno la kutu. Kule barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi, na chumvi hiyo inakula fremu ya chini, mabomba ya breki na viti vya springi. Gari lina mng'ao juu, chini limeoza kama dau lililoachwa ufukweni. Kwa kutu peke yake yalitoka manne.

Jioni yalibaki matatu. Kwa kila moja tulilipa kama pauni 20 kuangalia kama lina mkopo, liliwahi kuibwa au kufutwa na bima baada ya ajali.

Jumatano, 8 Oktoba: Derby

Treni ni nusu saa. Muuzaji aliambiwa mapema asiwashe injini kabla hatujafika, kwa sababu injini iliyopashwa moto huficha kelele zake na moshi wa asubuhi. Kiganja kwenye boneti: baridi. Likawaka kwa mara moja, moshi hamna.

Giaboksi ni DSG, otomatiki ya gia sita, yenye klachi zinazoogelea kwenye oili. Aina hii inataka oili yake ibadilishwe kila maili 40,000, na wengi hawabadilishi kwa kuwa ni ghali. Hapa risiti ilikuwepo. Isingekuwepo, tungeondoka. Mjini Mombasa, kwenye foleni za Makupa, klachi isiyotunzwa inakufa haraka.

Kisha swali ambalo wanunuzi wengi husahau: adapta ya bolti za magurudumu iko wapi? Magari mengi ya huko yana bolti moja ya kufuli kwa kila gurudumu, na haifunguki bila kipande chake maalumu, cha chuma, ukubwa wa dole gumba. Kilikuwa chini ya zulia la buti, ndani ya kopo la plastiki. Kikaingia mfukoni, na kisa chake kipo mbele. Spea haikuwepo, mahali pake pana pampu ndogo na chupa ya gundi. Funguo mbili.

Bei iliandikwa 11,650, ikakubalika 11,300. Maili 58,000, yaani kama kilomita 93,000.

Alhamisi, 9 Oktoba: kulipa na kuondoka

Malipo yalipita benki kwa benki. Muuzaji alibadilisha jina la mmiliki mtandaoni tukiwa tumesimama naye, na hili lisisitize: kwa mtandao V5C mpya hufika ndani ya siku chache, kwa posta unaweza kungoja wiki nne hadi sita.

Kodi ya barabara ya mwenye gari wa zamani haihami nalo. Kwa gari hili ilikuwa pauni 195 kwa mwaka. Tulilipa ya miezi sita, pauni 107.25. Bima ya muda mfupi, siku nane, ilikuwa pauni 142 kwa leseni ya Kenya, na si kila kampuni inaikubali leseni hiyo. Mgeni anaruhusiwa kuitumia leseni ya Kenya hadi miezi 12. Usijaribu kutoka bila kodi na bima hata kwa mita mia, kwani kamera za polisi husoma pleti na kuuliza kompyuta papo hapo.

Ijumaa 10 hadi Jumanne 14 Oktoba: kungojea bahasha

Barabara zilikuwa nzuri na mvua nyembamba. Hakuna la kusimulia zaidi ya gari kupashwa na kusikilizwa, kwani kasoro ikijitokeza ni heri ijitokeze wakati muuzaji yuko umbali wa nusu saa.

Haya machache ya kukumbuka. Upande wa kuendesha ni wetu, kushoto, ila kipimo ni maili: 70 kwenye barabara kuu ni kama kilomita 112. Picha ya kamera ya mwendo huenda kwa jina na anwani iliyo kwenye V5C, kwa hiyo barua ya faini itabisha kwa mwenyeji wako. London ya kati tuliikwepa, maana kulikuwa na ada ya msongamano, wakati huo pauni 15 kwa siku. Kituo cha mafuta unajaza mwenyewe, kisha unaingia ndani kulipa. Ukilipia pampuni kwa kadi, mashine inaweza kushikilia pauni mia kwa siku kadhaa hata kama umejaza ya thelathini.

V5C ikaanguka mlangoni Jumanne saa tano.

Jumatano, 15 Oktoba: ukaguzi

Gari hukaguliwa huko huko kabla ya kupakiwa, na wakala aliyeteuliwa na KEBS, na cheti chake ndicho kinachothibitisha kuwa linafaa barabarani. Kazi yenyewe haikufika saa moja. Waliangalia nambari ya chesisi, tarehe ya usajili, taa, tairi, breki, uvujaji wa oili, kutu. Lioshe chini kwa maji ya nguvu siku moja kabla, maana tope huficha uvujaji na mkaguzi hapendi kubahatisha. Balbu moja ya pleti ilikuwa imekufa. Fundi wa gereji ya jirani aliibadilisha, akakataa hata kuitaja bei, akasema tu gari lisafiri salama.

Alhamisi, 16 Oktoba: Leicester hadi Southampton

Njia ni M69 hadi Coventry, A46, M40 mpaka karibu na Oxford, halafu A34 kupitia Newbury hadi Winchester, na M3 ya kumalizia. Kama maili 140, hakuna ada ya barabara. A34 imejaa malori ya bandarini, toka mapema.

Meli ni ya kupakia magari kwa kuendeshwa ndani, si ya makontena. Masharti yake: mafuta yasizidi robo tangi, gari liwe tupu, liwake lenyewe. Ukiacha sanduku la nguo kwenye buti ni juu yako. Kabla ya kukabidhi tulipiga picha ya dashibodi, geji ya mafuta, buti, kila kona, kila rimu. Kadi ndogo ya ramani ilitolewa kwenye droo ya mbele. Funguo moja ikaenda na gari, nyingine ikabaki nasi. Kulabu ya kuvutia gari iachwe humo, watu wa meli huihitaji gari likizimika.

Nauli ya meli ilikuwa pauni 1,250. Getini hapana teksi, na mlinzi aliyekuwa anamaliza zamu alitupeleka stesheni kwa gari lake. Njiani aliuliza kama kweli Mombasa kuna joto hata Desemba.

Usiku ule tulikata kile kipande cha V5C cha kutoa gari nchini kwa kudumu, tukakijaza, tukakituma DVLA, ofisi ya usajili wa magari ya Uingereza, huko Swansea. Sehemu iliyobaki, ya asili, ilirudi nasi Mombasa. Forodha wanaitaka hiyo, nakala haitoshi.

25 Oktoba hadi 9 Desemba: bahari

Siku arobaini na tano. Tangu meli za biashara zianze kushambuliwa Bahari ya Shamu mwishoni mwa 2023, nyingi huzunguka Rasi ya Tumaini Jema, kwa hiyo atakayekuhesabia siku za Suez anakuhesabia za zamani.

Kazi ya kipindi hiki ni karatasi. Bima ya baharini sheria inataka ikatwe na kampuni ya Kenya. Ajenti wa kuklia mzigo bandarini awe na leseni ya KRA, naye ndiye anayefungua maombi ya IDF, fomu ya kutangaza uagizaji, na baadaye kuingiza tamko la forodha. Mpe kazi, usimpe kodi mkononi. Mfumo hutoa nambari ya malipo, na unalipa benki mwenyewe.

Hesabu inakwenda hivi. Chukua thamani ya forodha ya shilingi milioni moja, ili iwe rahisi. Ushuru wa forodha asilimia 35 ni 350,000. Ushuru wa bidhaa, asilimia 20 kwa injini isiyozidi cc 1,500, unapigwa juu ya 1,350,000, nao ni 270,000. VAT asilimia 16 juu ya 1,620,000 ni 259,200. Ada ya IDF asilimia 2.5 ni 25,000, na tozo ya reli asilimia 2 ni 20,000. Jumla 924,200. Injini ikipita cc 1,500, ushuru wa bidhaa ni asilimia 25 na jumla inafika 1,002,500. Hiyo ni tofauti ya 78,300 kwa kila milioni, na ndiyo sababu ya kuchagua injini ndogo yenye turbo.

Jumanne, 9 Desemba: Kilindini

KPA, mamlaka ya bandari, hutoa orodha ya meli zinazotarajiwa, ifuatilie kila siku. Meli ilifunga gati asubuhi, na kufikia adhuhuri ajenti alipiga simu kwa sauti ya mtu aliyekosa usingizi. Nambari ya chesisi kwenye hati ya shehena, ile ambayo bandarini kila mtu huiita BL, haikulingana na logbuku. Karani wa upakiaji aliandika herufi O mahali pa sifuri.

Nambari ya chesisi ina tarakimu na herufi 17, na herufi I, O na Q hazitumiki kamwe, makusudi, zisichanganywe na 1 na 0. Ukiiona O, ujue ni kosa. Sisi tuliletewa rasimu ya BL Oktoba tukaitupia jicho moja tu. Isome kwa kidole, herufi kwa herufi, kabla meli haijang'oa nanga. Wakati huo kusahihisha ni barua pepe. Meli ikishafika ni ombi la kubadili manifesti, ada, na siku.

Jumatano 10 hadi Jumapili 14 Desemba

Ombi liliingia Jumatano, likakubaliwa Alhamisi jioni. Ijumaa ilikuwa Jamhuri Dei. Ofisi ya wakala wa meli ilifungwa hadi Jumatatu, na gari lilikuwa limeshahamishiwa CFS, yadi ya mizigo nje ya bandari, moja ya Changamwe ambako siku za bure zilikuwa zikihesabiwa bila kujali sikukuu. Hapo ndipo sifuri moja ilipotugharimu shilingi elfu kumi na kitu za uhifadhi. Katikati ya kungoja, mahamri na mbaazi asubuhi, kahawa tungu jioni, na malori ya Magongo yakipiga honi usiku kucha.

Jumanne, 16 Desemba: ukaguzi wa forodha

Jumatatu ilikuwa ya kulipa: kodi benki, na ada za wakala wa meli kwa dola ili atoe idhini ya kukabidhi mzigo. Jumanne ofisa wa KRA alikuja kulinganisha gari na karatasi. Gari lilikuwa limekaa upande. Tairi la nyuma kushoto limelala chini, na betri imekufa kabisa, hata taa ya mlango haiwaki.

Pampu ya akiba na chupa ya gundi havikuwepo tena. Jeki tuliazima, na vijana wa pale wakaleta spana ya msalaba. Bolti nne zikatoka, ya tano ikawatazama. "Hii bila kichwa chake mtaita fundi wa kuchomelea," mmoja akasema. Kile kipande cha chuma kikatoka mfukoni, kikakaa juu ya bolti kwa mlio mdogo wa tik, robo zunguko, ikalegea. Gurudumu lilipanda tuktuk hadi kwa fundi wa pancha barabarani, likatolewa skrubu ya mbao, likarudi baada ya dakika arobaini. Shilingi 300, na nauli ya tuktuk mia mbili.

Kuhusu betri: uwanja mzima ni malori, na kila dereva yuko tayari kukuazima moto. Usikubali. Malori mengi ni ya volti 24, gari lako ni la 12, na utachoma kompyuta zake kwa wema wa mtu. Aliyetufaa ni dereva wa Probox aliyemleta mteja mwingine. Chanya kwa chanya, na hasi ikabanwa kwenye chuma cha injini badala ya kichwa cha betri, kwa kuwa magari ya kizazi hiki yana kihisio pale. Dakika kumi za kuchaji, ndipo ufunguo. Pesa alikataa, soda akaipokea.

Alhamisi 18 na Jumatatu 22 Desemba: pleti

KRA ilipotoa kibali, ajenti aliingiza usajili kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka ya usajili wa magari, kupitia akaunti ya eCitizen ya mmiliki. Iwe hai na nenosiri ulikumbuke, maana kuna hatua anayetakiwa kukubali ni mmiliki mwenyewe. Nambari ilitoka Alhamisi. Pleti, shilingi 3,000, zikaja Jumatatu. Zilifungwa pale pale CFS, tukalipa uhifadhi, tukapewa karatasi ya getini, na gari likatoka saa kumi na nusu likiwa na mafuta ya kufika kituo cha karibu tu. Tiguan nyingine mbili za 2018 zilibaki uwanjani, vioo vimejaa vumbi.

Badilisha kipimo cha dashibodi kiwe kilomita kabla hujaingia barabarani. Kwenye gari hili kipo kwenye menyu ya skrini, hakihitaji fundi.

Kodi ya barabara ya Uingereza hurudishwa kwa miezi mizima iliyobaki ukishawaarifu DVLA. Hundi ilifika Leicester Januari: miezi mitano, pauni 81.25. Imeandikwa jina lililo kwenye V5C, na mwenye jina hilo hana akaunti ya benki Uingereza. Iko kwenye droo ya mzee, chini ya kopo la karafuu.